UHAKIKI WA MWANA HITI: NAMNA YA KUITAZAMA SANAMU YA MAKUMBUSHO KUTOKA UKANDA WA MSATA NA BAGAMOYO

1.0 Utangulizi

Msata ni mji mdogo wa Mkoa wa Pwani, uliopo kwenye njia panda ambapo barabara iendayo Tanga hukutana na ile inayoteremka kilomita 64 hadi Bagamoyo. Eneo hili ni makutano ya jamii pia, kwa kuwa Wakwere, Wadoe na Wazigua wamepakana humo kwa muda mrefu, huku Wazaramo wakiwa upande wa kusini. Katika ukanda huu ilichongwa sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti, ambayo leo huonekana zaidi ndani ya makabati ya vioo ya makumbusho ya Tanzania na Ulaya kuliko mikononi mwa wali. Makala hii inafafanua namna ya kuihakiki sanamu hiyo kwa kufuata hatua nne za Edmund Feldman: maelezo, uchanganuzi, fasiri na tathmini. Hoja yake kuu ni kwamba fasiri isiyotanguliwa na utazamaji makini huishia kurudia kibao cha maelezo tu.

2.0 Maelezo

Hatua ya kwanza humtaka mhakiki ataje kinachoonekana bila kukipa maana. Mwana hiti wa kawaida hutosha kushikwa kwa kiganja kimoja. Kiwiliwili ni mche wa duara ulionyooka, usio na mikono wala miguu. Matiti madogo na kitovu vimetokeza juu ya mche huo. Uso umeachwa karibu mtupu. Kichwani kuna msuko uliosimama kama upanga wa jogoo, mara nyingi ukiwa na matuta mawili yaliyotenganishwa na ufa. Baadhi ya sanamu zimefungwa shanga.

Mhakiki hukagua pia uso wa mti wenyewe. Weusi wa mafuta, ulaini wa sehemu zilizoshikwa na mikwaruzo ya matumizi ni ushahidi sawa na umbo. Sanamu inayong'aa sawasawa pande zote humpasa aulize iwapo ililelewa kweli au ilichongwa kwa ajili ya mnunuzi.

3.0 Uchanganuzi

Hatua ya pili huchunguza uhusiano wa sehemu hizo. Mchongaji amegawa kazi yake bila usawa. Nakshi zimekusanywa kichwani na kifuani, na sehemu ya chini imeachwa wazi. Mistari miwili inatawala: wima wa kiwiliwili na mpindo wa msuko. Kwa sababu hiyo, hata kivuli cha sanamu hutambulika. Umbo hilohilo huonekana pia juu ya bakora za wakuu, kwenye viti vya enzi na kwenye nguzo za makaburi. Ni umbo dogo, lakini limebeba mamlaka ya ukoo.

4.0 Fasiri

Kwa mujibu wa Swantz (1970), aliyechunguza ishara katika mila za Wazaramo, sanamu hii ilihusishwa na mwali aliyetawishwa baada ya kuvunja ungo. Mwali aliitunza kama mtoto, akaipaka mafuta na kuibeba, na utunzaji huo ulihusishwa na uzazi wake wa baadaye. Katika jamii zinazofuata ukoo wa kikeni, jambo hilo lilizidi mafunzo ya malezi: kupitia mwali, ukoo wenyewe uliendelea.

Muktadha huu unaujibu upungufu ulioonekana katika hatua ya kwanza. Mtoto mchanga hatembei wala hajitegemei. Mikono inayokosekana kwenye sanamu ni mikono ya mwali anayeibeba. Hata hivyo, matiti na msuko ni alama za mwanamke aliyekomaa. Sanamu moja inamwonesha mtoto anayelelewa na mama anayetarajiwa. Fasiri inayochagua upande mmoja inapoteza kiini cha kazi hii.

5.0 Tathmini

Kiujumi, mwana hiti hufaulu kwa uchache wake: kila kilichobakizwa kina dhima. Ukosefu wa sura mahususi si udhaifu wa mchongaji, kwa kuwa sanamu haikukusudiwa kufanana na mtu fulani. Udhaifu hujitokeza pale umbo linaporudiwa kwa ajili ya soko, nakshi zikaongezwa na uwiano wa kichwa na kiwiliwili ukavurugika.

Tathmini hii inahusu pia namna kazi inavyooneshwa. Kwanza, kusimamishwa peke yake juu ya kibao kunaifanya sanamu ionekane kamili, ilhali ilikamilishwa na mwili wa mwali. Pili, kuiita mwanasesere kunapunguza wajibu wa kiukoo kuwa mchezo. Tatu, kuiandika kuwa ya kabila moja si salama, kwani umbo hili limevuka mipaka ya Wazaramo, Wakwere na Wadoe. Kwa kazi iliyotoka sehemu kama Msata, mahali ilipochukuliwa ni taarifa ya kuaminika kuliko jina la kabila lililokisiwa baadaye. Nne, maneno "mchongaji hajulikani" hueleza mara nyingi uzembe wa wakusanyaji wasiouliza, na si jamii isiyowajua mafundi wake.

Lipo pia suala la mipaka. Mafunzo ya utawani yalikuwa elimu ya wanawake, na si yote yaliyokusudiwa kuanikwa hadharani. Mhakiki anaweza kueleza umbo na dhima ya sanamu bila kudai kuwa ameimaliza siri yake.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba hatua nne za uhakiki hutegemeana. Mikono isiyochongwa, iliyoonekana katika maelezo, ndiyo iliyofungua fasiri, na fasiri ndiyo iliyobainisha kasoro za maonesho. Makumbusho yanayotaka kumtendea haki mwana hiti yanapaswa kuanza na kibao cha maelezo: kitaje mahali, kitaje matumizi, na kimtaje mwali.