Hekalu lililomshinda mwenye pimamaji

Mbele ya jumba la manispaa ya Saint-Gilles, Brussels, kuna sanamu ya mwanamke uchi, mungu wa kike wa mto Bocq. Aliichonga Jef Lambeaux. Mtaa wa Américaine namba 25, katika manispaa hiyohiyo, ipo nyumba aliyojijengea Victor Horta kati ya 1898 na 1901, sasa makumbusho. Wawili hawa walikosana kwa ajili ya hekalu la Kigiriki.

Hekalu lenyewe liko bustani ya Cinquantenaire. Tramu namba 81 itakushusha karibu. Horta alilichora mwaka 1889, akiwa kijana wa miaka 28, liwe nyumba ya mchongo wa Lambeaux uitwao Tamaa za Binadamu: marumaru ya Carrara, mita 12 kwa 8, miili mitupu imebanana kama abiria wa daladala. Kwa mbali ni Ugiriki tupu, nguzo mbele na paa la pembetatu. Lakini mlete fundi mwashi na pimamaji lake, atakuna kichwa. Kuta zimepinda kidogo, na mstari ulionyooka ni wa kutafuta.

Fundi asidhani ni ubabaishaji. Iktinos na Kallikrates, waliojenga Parthenon kule Athens kuanzia 447 kabla ya Kristo, walifanya hivyohivyo. Sakafu inayobeba nguzo imenyanyuka katikati, kama sentimita 6 upande mfupi na 11 upande mrefu. Nguzo nazo zina tumbo dogo na zimeinamia ndani. Weka kofia ncha moja ya ngazi ya juu, inama ncha ya pili uchungulie usawa wa jiwe: kofia huioni.

Horta alitaka mchongo uonekane kati ya nguzo. Lambeaux akadai ukuta, mwanga ushuke kutoka juu. Hekalu lilifunguliwa Oktoba 1, 1899; siku tatu baadaye, kwa kelele za uchi ule, likazibwa kwa mbao. Macho hayana pazia, basi wakayatengenezea. Ukuta ulijengwa baada ya Lambeaux kufa mwaka 1908. Jirani wa hekalu leo ni Msikiti Mkuu wa Brussels, na Parthenon nayo iliwahi kuwa kanisa, kisha msikiti.

Rudi Saint-Gilles, upande ngazi za Horta. Mpindo aliouficha kule kwenye mawe hapa umetoka hadharani: reli ya ngazi inajisokota mkononi kama mtambaazi, mpaka juu kwenye paa la kioo.