Ndege wa Majini Waliokufa kwa Wingi: Je, ni Maiti ya Bahari?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Mwaka 2004 heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, walikufa kwa wingi katika Ziwa Manyara na Ziwa Momela Kubwa, lililo magharibi ya kwetu Kibosho, chini ya Mlima Meru. Wenzetu wa Kenya waliyaona hayo Nakuru na Bogoria katika miaka ya 1990. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walieleza kuwa yumkini sababu ni sumu ya viumbe vidogo mno vya majini, vya jamii moja na vile wanavyokula ndege hao.

Hapa mtu huuliza: Imepokewa na Abu Hurayra (R.A.) kuwa maiti ya bahari ni halali. Je, heroe au bata aliyekufa majini naye huingia humo?

Jibu ni hapana. Kinachokusudiwa ni kiumbe ambaye maisha yake ni majini, kama samaki. Ndege hupumua hewa na hutaga nchi kavu, hivyo hahaliliki ila kwa kuchinjwa. Akifa mwenyewe ni mzoga, nao umeharamishwa katika Suratul Maida aya ya 3. Tena Mtume (S.A.W.) alimkataza Adiyy bin Hatim (R.A.) kula windo lililokutwa limezama majini, kwa kuwa hajui lililoliua ni maji au mshale wake.

Na akiwahiwa kuchinjwa akiwa hai lakini mgonjwa? Kuchinja huondoa hukumu ya mzoga, hakuondoi madhara. Baadhi ya sumu hizo haziishi kwa kupikwa, na sheria yetu imekataza mtu kujiangamiza.

Ama maji, kwa madhehebu ya Shafi, yakiwa chini ya kullatein (hukadiriwa lita 200 hivi) hunajisika kwa mzoga wa ndege kuingia humo. Yakifikia kiwango hicho au kuzidi, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Lakini tuzingatie: twahara ni jambo moja na usalama ni jingine. Ziwa laweza kuwa twahara kwa udhu na likawa na sumu kwa mnywaji.

Basi maimamu wawabainishie watu: mzoga usiliwe wala usiuzwe, na wahusika wapewe habari mapema. Suratul An'am aya ya 38 inatufunza kuwa ndege nao ni umma kama sisi. Umma mzima unapoanguka, si haki tuulize nyama tu. Tuulize pia maji yetu yamefikwa na nini.

Wallahu aalam.