Kuacha Tumbako: Ni Nani Atakayekaa Nawe Usiku wa Kwanza?

Msafiri atokaye Kalemie kwenda Fizi hupita Bendera, mahali pa milima na maji yenye nguvu, ambapo mto Kiymbi umetiwa kazini ili utoe umeme kwa mji wa Kalemie. Jina la Bendera limeingia katika vitabu vya nchi nyingi kwa sababu ya siku moja, tarehe 29 Juni 1965. Siku ile waasi, pamoja na Wakuba waliokuja kuwasaidia, waliishambulia ngome ya askari wa serikali iliyoulinda mtambo ule wa umeme. Shambulio lilishindwa, na Wakuba wanne walikufa. Mkubwa wao, Ernesto Guevara aliyeitwa Che, hakuwamo katika shambulio lile; alikuwa amebaki milimani. Alikuwa amelivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili, na katika nchi hii wakubwa wa kundi lake walijificha katika majina ya hesabu ya Kiswahili: mmoja aliitwa Moja, wa pili Mbili, na yeye mwenyewe Tatu.

Hatumleti Tatu hapa kwa ajili ya siasa yake. Wazee wa upande ule wanayo maneno yao juu ya mwaka ule. Twamleta kwa ajili ya kifua chake. Mtu huyu alikuwa daktari, tena tangu utoto aliteswa na pumu, ugonjwa wa kukosa pumzi. Walakini alipenda sana sigara kubwa za Kuba, na kiko pia. Na katika kitabu chake juu ya vita vya msituni, kilichotoka mwaka 1960, aliandika wazi kwamba moshi wa tumbako saa ya mapumziko ni rafiki mkubwa wa askari aliye peke yake.

Neno hilo, ingawa limetoka kwa mtu aliyejidhuru, limesema kweli kuliko mashauri mengi yatolewayo juu ya tumbako. Watu wengi hudhani kwamba mvutaji ni mtu asiyejua, basi humwendea na habari za sumu, wakitumaini ya kuwa akisha kujua ataacha. Habari hizo ni za kweli, wala hatuzipunguzi. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kwamba tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wako kadiri ya milioni 1.6 ambao si wavutaji, bali waliishi katika moshi wa wengine: wake, watoto, wenzi wa kazi. Lakini daktari yule mwenye pumu hakukosa habari. Kilichomfunga si ujinga, ni urafiki.

Tazameni saa ambazo mtu huwasha sigara. Mlinzi wa usiku huwasha saa nane, usingizi unapomlemea na hakuna wa kuzungumza naye. Mvuvi wa ndagala huwasha akiwa ziwani, taa inamulika maji na baridi imeingia mifupani. Dereva wa lori huwasha gari likikwama matopeni. Mtu aliyefiwa huwasha uani, wageni wakisha kwenda zao. Sigara haigombani naye, haimwulizi neno, haimsengenyi. Kisha sisi twaja kumwambia kwa sauti kubwa: Acha!

Kwetu mtu akifiwa, jirani huja na mikeka yao, hukaa matanga pamoja naye, wala hawamwachi na mawazo yake. Lakini aliyemzika rafiki huyu wa moshi, twampongeza mchana mmoja, halafu twamwacha peke yake usiku wa kwanza. Hilo ndilo kosa tunalotaka kulisema leo.

Wala taabu yake si mawazo matupu. Katika tumbako mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu akivuta, nikotini hupita mapafuni na kuingia katika damu, na kwa muda wa sekunde 10 hivi imekwisha kufika katika ubongo, nayo huuchokoza utoe furaha kidogo. Ubongo huizoea hata ukaidai. Ikikosekana, mtu hukasirika upesi, hukosa usingizi, hawezi kuuweka moyo wake kazini, huona njaa hata baada ya kula. Taabu hiyo huanza siku ile ile ya kuacha, huwa kali kabisa siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua polepole kwa muda wa majuma mawili hata manne. Na ile kiu yenyewe kila ijapo haidumu. Ni dakika chache, kisha hupita, hata kama mtu hakuvuta.

Mama wa nyumba asomaye ukurasa huu na ajue basi: mume wake akigombana na sahani siku ya tatu, si kwamba amegeuka kuwa mtu mwingine. Ni nikotini inayotoka nyumbani na kupiga milango.

Faida ya kuvumilia ni kubwa, tena hesabu yake imekwisha kufanywa. Mwaka 1950 mabwana wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza kwamba sigara yahusika na kansa ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoyaona majibu ya kazi yake. Tangu mwaka 1951 walifuata maisha ya maelfu ya madaktari wa nchi yao, wavutaji na wasiovuta, na Doll alijaliwa kuiona hesabu ya miaka 50 ikitolewa mwaka 2004. Ilionekana kwamba mtu avutaye sigara maisha yake yote hupoteza kadiri ya miaka 10. Aachaye akiwa na umri wa miaka 60 hujirudishia kadiri ya miaka 3. Akiacha kwa miaka 50 hujirudishia 6. Kwa miaka 40 hujirudishia 9. Na aachaye kwa miaka 30 huokoa karibu yote 10. Basi mzee asiseme kwamba jua lake limekwisha kuchwa.

Lakini je, watu 100 wakiacha leo, kila mmoja peke yake pasipo msaada wowote, ni wangapi watakaokuwa hawavuti baada ya nusu mwaka au mwaka? Wachunguzi wasema ni watatu, labda watano. Si kwamba wale wengine ni watu hafifu. Mara nyingi ni wale wale waliovumilia njaa na safari za miguu na vita. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa kweli ziko dawa za kusaidia, kama vile plasta za nikotini na ubani wa kutafuna, nazo ziliwekwa mwaka 2009 katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Ulimwengu. Hata katika Mkataba wa mataifa juu ya tumbako wa mwaka 2003, ambao Kongo iliuthibitisha mwaka 2005, serikali ziliahidi kuwasaidia wanaotaka kuacha. Lakini mtu wa kijijini akienda katika duka dogo la dawa kuuliza plasta ya nikotini, yaelekea atauziwa plasta ya kidonda. Kilicho karibu naye kuliko dawa hizo ni jirani aliyekwisha kuacha.

Nguvu ya jirani wa namna hiyo ilijulikana kwanza kwa habari ya pombe. Mwaka 1935 mtu mmoja wa New York, Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alifika katika mji wa Akron kwa shughuli. Shughuli ile iliharibika, naye akajiona amesimama hotelini, anasikia vicheko vya watu wanywao, na tamaa inamvuta. Hakutafuta mwalimu, wala hakutafuta mtu mwema asiyewahi kunywa. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, mlevi kama yeye, wakazungumza kwa saa nyingi. Mazungumzo yale yaliwafaa wote wawili, na kwayo kilizaliwa chama cha walevi walioacha, ambacho leo kiko katika nchi nyingi sana.

Kuna jambo la kuhuzunisha katika habari hii. Bill Wilson alikuwa pia mvutaji mkubwa. Katika mikutano ile, iliyowaokoa watu na chupa, moshi ulijaa chumba kizima, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia: Ndugu, hii nayo tuiache pamoja. Alikufa mwezi wa Januari 1971 kwa ugonjwa wa mapafu. Mtu aliyewapatia wengine wenzi wa kuacha pombe hakupata kwa wakati mwenzi wa kuacha sigara.

Tena msidhani kwamba tumbako ni adui mdogo kuliko pombe. Matt Talbot, kibarua wa Dublin katika Ireland, aliacha ulevi mwaka 1884 akiwa na miaka 28, akaishi maisha ya sala na kazi ngumu hata alipokufa mwaka 1925. Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mheshimiwa mwaka 1975. Huyu naye alikuwa mvutaji, akaiacha tumbako pia. Wasimulizi wa maisha yake wasema alikiri kwamba kuiacha tumbako kulimtaabisha kuliko kuacha pombe.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu asiyevuta kamwe aweza kutoa shauri zuri, lakini hawezi kujibu swali moja: Je, usiku huu utakwisha? Aliyeacha huweza. Amekwisha kuuona mwisho wake. Wachunguzi waliokusanya majaribio mengi na kuyapima pamoja, mwaka 2017, waliona kwamba wanaoacha katika kundi hufaulu zaidi, karibu mara mbili, kuliko wanaojaribu peke yao kwa kusoma maandishi. Hawakuona kwamba kundi lamshinda mshauri mmoja aliye hodari. Basi pasipo na kundi, mtu mmoja atosha kuanza.

Tuseme katika jumuiya moja ya Bendera wako wanaume watatu walioacha tumbako, na wa nne ataka kuacha. Hatuna haja ya kuunda chama kipya chenye mwenyekiti na muhuri. Maaskofu wa Kongo walikata shauri tangu mwaka 1961 kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo za watu wajuanao kwa majina; basi watu wa kukaa pamoja wapo tayari. Wale watatu wamsaidie mwenzao kuchagua siku, isiwe siku ya mshahara wala ya arusi. Jioni ya kuamkia siku hiyo kila kitu kitoke nyumbani: pakiti, kiko, kibati cha majivu, hata kile kipande kilichofichwa juu ya dari, ambacho mke anakijua siku zote. Sigara huuzwa moja moja kando ya njia, na hiyo moja ndiyo mtego, kwa maana bei yake ni ndogo na hakuna aonaye pakiti mfukoni. Kwa hiyo asitembee peke yake na faranga ndogo ndogo majuma ya kwanza. Na pombe aiepuke kabisa majuma hayo, kwa sababu mkono wenye bilauri huikumbuka sigara pasipo kuambiwa.

Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, mmoja wao aende kwake asubuhi, na mwingine jioni. Wasihubiri. Wamweleze walikoanguka wao wenyewe, na saa ngapi, na nini kiliwasaidia: maji ya kunywa, karanga, kipande cha muwa, kutembea hata mtoni na kurudi, kushika jembe ili mikono isikae bure. Kiu ikija usiku, siku hizi iko simu ya mkononi. Aruhusiwe kumwamsha mwenzake, wala huyo asikasirike. Akina mama wenye ugoro ndani ya pindo la kitenge nao wana haki ya wenzi wao, wanawake kwa wanawake, maana aibu yao huwazuia kusema mbele ya wanaume.

Tuwaonye pia wale walioacha. Twawafahamu baadhi yao: mtu ameacha miaka miwili, sasa akisikia harufu ya sigara hugeuza uso na kusonya, kana kwamba yeye hakupata kuomba kiberiti njiani. Huyo hafai kutumwa. Kundi hili si baraza la hukumu. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kwanza, na aliyeanguka leo amekwisha kujifunza jambo moja zaidi ya aliyeanguka jana.

Basi ikiwa siku ya tisa yule ndugu amevuta, ataona haya, atajificha, hataonekana jioni. Mwenzake na amfuate nyumbani. Asimwulize kwa nini, maana kwa nini ni swali la hakimu. Amwulize: Ilikuwa saa ngapi? Atajibu labda: Ilikuwa saa mbili usiku, watoto walipokwisha kulala, nami nimeketi peke yangu hapa mlangoni.

Kesho yake, saa mbili kasoro robo, mwenzake awe amekwisha kuketi mlangoni pale, na karanga mfukoni.