Msokoto wa Kuume na wa Kushoto katika Metali za Sumaku

Mkonge ulipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, na tangu hapo kamba yake imezoeleka sana Tanga. Atazamaye kamba hiyo kwa makini huona kwamba nyuzi zimesokotwa kwa njia moja, kisha mafungu ya nyuzi hizo yakasokotwa pamoja kwa njia iliyo kinyume, ili kamba isifumuke. Akiigeuza juu chini, msokoto haubadiliki: wa kuume hubaki wa kuume. Ni katika kioo tu ndipo huonekana wa kushoto.

Msokoto wa namna hiyo umo hata ndani ya metali. Katika sumaku ya kawaida, visumaku vya atomu huelekea njia moja. Mwaka 1959 Akio Yoshimori alieleza mpango mwingine, alioutafuta katika oksidi ya manganizi: visumaku vya kila tabaka la atomu vimegeuka kutoka mwelekeo wa vya tabaka lililotangulia, hata vikazunguka mfano wa parafujo. Katika fosfidi ya manganizi, ambayo ni metali, fuwele yenyewe haipendelei kuume wala kushoto. Kwa hiyo misokoto yote miwili hutokea, imechanganyika.

Je, mmoja waweza kuchaguliwa? Nguvu ya sumaku ya nje peke yake haitoshi, wala mkondo wa umeme peke yake. Afikiriwe fundi mwenye parafujo. Kusukuma tu hakuna kuume wala kushoto, na kuzungusha tu vilevile. Vikiungana ndipo kuume hutengana na kushoto. Mkondo ni kama kusukuma, na sumaku ni kama kuzungusha. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walivipitisha vyote viwili katika mhimili wa msokoto. Vilipoelekea njia moja ulipatikana msokoto mmoja. Vilipopingana, ule wa pili. Vilipogeuzwa vyote pamoja, hakuna kilichobadilika. Kazi hiyo ilihitaji baridi ipitayo nyuzi 200 za selsiasi chini ya sifuri, lakini mwaka 2024 ilifanywa katika utando mwembamba wa manganizi na dhahabu, kwa joto la kawaida la chumbani. Nao msokoto husomwa kwa umeme, kwa maana, penye sumaku ya nje, ukinzani wa metali hutofautiana kidogo mkondo uendapo na urudipo. Hivyo alama yaweza kuandikwa na kusomwa, na kwa kuwa visumaku vinavyozunguka hufutana nguvu, alama haiisumbui jirani yake.

Katika kutafuta jina, kusema “upande wa msokoto” kwapotosha, maana upande hubadilika mtazamaji akihama. Afadhali “msokoto wa kuume”, yaani ule ambao, ukifuatwa kwa jicho kwenda mbali na mtazamaji, huzunguka kama mishale ya saa.