Hatari ya Kichomi kwa Wenye Maradhi ya Kudumu

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba wanaijua homa ya mapafu kwa jina la kichomi, na wengi huihesabu kuwa ni maradhi ya watoto wachanga. Dhana hiyo ina sababu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2019 maradhi hayo yaliua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri wa chini ya miaka 5 duniani kote. Hata hivyo, lipo kundi jingine lisilotajwa sana, nalo ni la watu wanaoishi na maradhi ya kudumu, kama vile kisukari, maradhi ya moyo, pumu, maradhi ya figo, kiharusi, selimundu na upungufu wa kinga mwilini. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini watu hao huathirika zaidi, kwa nini kichomi kwao huja kwa sura isiyozoeleka, na lipi linalopasa kufanywa na wao wenyewe, jamaa zao na wakuu wao wa kazi.

Kichomi ni nini

Ndani ya mapafu mna mamilioni ya vifuko vidogo mno vya hewa. Kupitia kuta nyembamba za vifuko hivyo, oksijeni huingia katika damu na hewa chafu hutoka. Mtu apatwapo na kichomi, vifuko hivyo hujaa usaha na majimaji, na palipojaa maji hewa haipiti. Ndiyo maana mgonjwa huhema kwa haraka, hukohoa makohozi mazito, hupata homa na huchomwa ubavuni kila avutapo pumzi.

Maradhi haya huletwa na vijidudu, yaani bakteria, virusi na mara chache kuvu. Bakteria aliye mashuhuri zaidi huitwa nimokokasi, na amejulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1881. Watu wengi humbeba puani na kooni bila ya kudhurika. Inafaa ieleweke, basi, kwamba mvua ya masika au upepo wa kipupwe peke yake hauleti kichomi. Kinacholeta maradhi ni kijidudu kilichopata njia ya kushuka mapafuni na kukuta ulinzi wa mwili umelegea.

Ulinzi unavyolegea

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili walinzi wengi. Kikohozi husukuma nje uchafu, vinyweleo vya njia ya hewa hufagia vumbi na makohozi, na chembe nyeupe za damu huwashambulia vijidudu. Kila maradhi ya kudumu humdhoofisha mmoja au zaidi ya walinzi hao.

(a) Kisukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu hufanya kazi yake kwa uzito. Kwa upande mwingine, kichomi nacho huipandisha sukari. Hivyo maradhi mawili husaidiana kumdhuru mtu mmoja.

(b) Moyo na figo. Moyo uliochoka hushindwa kuisukuma damu ipasavyo, na maji hutuama mapafuni. Figo zilizodhoofika nazo huacha maji na taka mwilini. Mgonjwa wa aina hii huanza kuumwa akiwa tayari na akiba ndogo ya pumzi.

(c) Pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Njia zilizovimba na kubana huyazuia makohozi yasitoke. Uvutaji wa sigara huongeza balaa, kwani moshi wake huviharibu vile vinyweleo vya kufagia.

(d) Kiharusi. Aliyepooza huenda akashindwa kumeza vyema, na uji au mate yakapita njia ya hewa. Kwa hiyo mgonjwa alishwe akiwa ameketi wima, kwa vijiko vidogo, wala asilazwe mara baada ya kula.

(e) Selimundu. Maradhi haya huuharibu wengu tangu utotoni, nao ni kiungo kikubwa cha kupambana na nimokokasi. Kwa sababu hiyo watoto wenye selimundu huandikiwa penisilini ya kila siku tangu uchanga hadi umri wa miaka 5. Wazazi wasiikatishe kwa kuona mtoto ni mzima.

(f) Virusi vya UKIMWI. Kinga ikishuka, hata vijidudu vinyonge huweza kuleta kichomi kikali. Dawa za kufubaza virusi huirejesha kinga hiyo, nayo septrini, kwa anayeandikiwa, huzuia baadhi ya aina za kichomi.

Sura isiyozoeleka

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo roho nyingi hupotea. Kijana mwenye afya akipata kichomi hutetemeka kwa homa, na kila mtu nyumbani hujua kuwa anaumwa. Mzee mwenye kisukari au maradhi ya moyo huenda asipate homa kabisa, na kikohozi chake kikawa kidogo. Badala yake huanza kukataa chakula, kulala mchana kutwa, kuanguka anapokwenda chooni, au kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Pengine sukari yake hupanda ghafla bila ya sababu inayoonekana, au miguu huvimba na akashindwa kulala chali.

Jamaa husema ni uzee, au amepigwa na upepo, na siku mbili au tatu hupita katika kumkanda na kumpa maji ya tangawizi. Si vibaya kumpa mgonjwa kinywaji cha moto, lakini siku hizo ndizo ambazo dawa ingefaa zaidi.

Ipo njia nyepesi ambayo kila nyumba inaweza kuitumia. Mgonjwa akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa kutazama kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili ya saa. Mtu mzima kwa kawaida huvuta pumzi 12 hadi 20. Zikifika 30, au midomo ikibadilika rangi, au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na hata kama mwili wake ni wa baridi. Mwenye maradhi ya kudumu ambaye hajafikia hali hiyo lakini amebadilika ghafla, aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu dawa

Imekuwa desturi kwa baadhi ya watu kununua vidonge vichache vya amoksilini na kuvimeza mpaka kikohozi kitulie. Desturi hii ina madhara mawili. Kwanza, dawa pungufu huviacha hai vijidudu vilivyo sugu. Pili, si kila kikohozi ni kichomi. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kinapaswa kupimwa kifua kikuu, ambacho huwapata zaidi wenye kisukari na wenye upungufu wa kinga.

Vilevile mgonjwa wa kisukari asiache sindano au vidonge vyake kwa hoja kwamba hakula. Wakati wa maradhi sukari huweza kupanda hata kwa asiyekula. Apime, na amwulize daktari. Afikapo kituoni ataje maradhi yake yote na dawa zote anazotumia, au achukue kadi yake ya kliniki.

Kinga

Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania wamekuwa wakipewa chanjo ya nimokokasi katika ratiba ya kawaida ya chanjo. Kumkamilishia mtoto chanjo ni kumkinga yeye, na pia ni kumpunguzia hatari babu au bibi anayelala naye chumba kimoja. Chanjo kwa watu wazima zipo duniani, na mwenye maradhi ya kudumu anashauriwa amwulize daktari wake iwapo anaweza kuipata na kama inamfaa.

Mambo mengine yamo ndani ya uwezo wetu. Jiko la kuni, makumbi au vifuu liwekwe mahali penye upepo, mbali na chumba cha mgonjwa. Mwenye mafua asimkaribie mgonjwa na anawe mikono kwa sabuni. Mwenye kuvuta sigara aache. Anayekwenda dago au kambi ya karafuu achukue dawa za kumtosha siku zote atakazokuwa huko. Aidha, kabla ya mwezi wa Ramadhani mwenye maradhi ya kudumu aonane na daktari wake ili apangiwe saa za dawa, na akiambiwa kuwa saumu itamdhuru akumbuke kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa.

Kwa upande wa maofisini, wakuu wa idara wanaombwa wawarahisishie watumishi wenye maradhi ya kudumu kuhudhuria kliniki siku zao. Mtumishi naye asione haya kumweleza mkuu wake kwamba ana maradhi yanayohitaji uangalizi. Nusu siku ya kliniki ni hasara ndogo kuliko mwezi wa kulazwa, au kuliko kumkosa mtumishi huyo moja kwa moja.

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Kila familia yenye mgonjwa wa aina zilizotajwa imjue mgonjwa wake alivyo siku ya uzima, anavyokula, anavyozungumza na anavyohema, ili siku atakapobadilika pasiwe na wa kubishana wala wa kusubiri kesho.