Vifaa vya kuvaa vya kuzuia kufa maji

Vifaa vya kuvaa vya kuzuia kufa maji ni vifaa ambavyo muogeleaji huvaa kifuani, kiunoni, mkononi au kichwani ili asizame, au ili watu wajulishwe mapema anapozama. Kadiri ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji. Robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5.

Jinsi mtu anavyozama

Methali husema "Mfa maji haachi kutapatapa", lakini mara nyingi anayezama huwa kimya. Mdomo ukitokeza juu, hupata nafasi ya kuvuta pumzi tu, si ya kuita. Mikono hukandamiza maji, haipungi. Walio karibu huweza kudhani anacheza.

Historia

Mwaka 1854 John Ross Ward wa RNLI, taasisi ya Uingereza ya mashua za uokoaji, alitengeneza jaketi la gome jepesi linalotumika kwa vizibo vya chupa. Mwaka 1861 mashua ya uokoaji ya Whitby ilipinduka. Kati ya mabaharia 13 alipona mmoja tu, Henry Freeman, aliyekuwa amevaa jaketi hilo.

Aina

* *Vya kuelea*, kama jaketi okozi. Densiti ya mwili inakaribia ile ya maji, hivyo nguvu ndogo ya ziada inatosha kumweka mtu juu. Jaketi la nyutoni 50 linawafaa wanaojua kuogelea. Halikusudiwi kumgeuza chali aliyezimia.
* *Vya kujazwa gesi*: mkanda wenye puto lililokunjwa na kichupa cha kaboni dioksidi. Mvaaji huvuta kamba puto lijae. Aliyezimia hawezi kuvuta.
* *Vya kutoa tahadhari*: mawimbi ya redio hayapenyi vizuri majini. Baadhi ya vifaa hutumia hali hiyo: mawasiliano yakikatika kupita sekunde zilizopangwa, kengele humlilia mwokoaji.

Mipaka

Kifaa cha tahadhari hakimwokoi mtu, humwita mwokoaji; pasipo na mwokoaji hakina faida. Maboya ya mikononi ya watoto na dumu tupu huelea, lakini huponyoka kwa urahisi. Hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya kujifunza kuogelea wala ya mtu mzima anayemwangalia mtoto bila kukoma.

Tazama pia

* Kuogelea
* Huduma ya kwanza