Soja mbichi inachosha kongosho ya kuku



Mwanamemba mmoja wa upande wa Wamaza aliniita nione kuku wake. Alikuwa anawapa soja ya shamba lake mwenyewe: ameitwanga mbichi kwenye kinu, ameichanganya na mahindi. Chakula kilikuwa kingi, lakini vifaranga walibaki wadogo. Majirani walisema ni ugonjwa, wengine wakasema ni jicho baya. Hapana. Ni ile soja yenyewe. Tuone namna gani.

Kongosho iko wapi?

Siku mutachinja kuku, muangalie vizuri. Kutoka kwenye firigisi, utumbo unaanza kwa kujikunja kama kitanzi. Katikati ya kitanzi kile kuko kinyama kirefu, chembamba, rangi yake hafifu. Ndiyo kongosho. Sisi watu pia tuko nayo, nyuma ya tumbo. Kazi yake moja kubwa ni kutoa maji ya kuyeyusha chakula. Ndani ya maji yale kuko vimeng'enya, ni kama mikasi midogo sana. Mkasi mmoja unaitwa tripsini: unakata protini ili iingie mwilini.

Nani anaiambia ianze kazi?

Zamani wataalamu walifikiri ni mishipa ya fahamu peke yake. Mwaka 1902, kule London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani yake. Kongosho ikatoa maji vilevile! Basi ujumbe ulipita kwa damu. Mjumbe yule wakamuita sekretini. Mwaka 1905 Starling akawapa wajumbe wa namna hii jina tunalotumia mpaka leo: homoni.

Wajumbe wakubwa ni wawili. Chakula kikitoka tumboni kiko kikali kwa asidi. Sekretini inaiambia kongosho itoe maji yenye magadi ya kupunguza ukali ule. Mjumbe wa pili ni kolesistokinini. Protini na mafuta vikifika kwenye utumbo, yeye anaita vimeng'enya kutoka kongosho, na nyongo kutoka mfuko wake.

Na nani anasema "basi"?

Ni tripsini yenyewe. Ndani ya utumbo kuko protini ndogo inayomuamsha kolesistokinini. Wakati chakula kiko kingi, tripsini inashughulika nacho, na ile protini ndogo inabaki nzima. Chakula kikiisha, tripsini inaikata. Mjumbe ananyamaza, kongosho inapumzika. Jambo hili limechunguzwa sana kwa panya.

Sasa, soja mbichi iko na kitu kinachokamata tripsini na kuifunga. Protini ya chakula haikatwi vizuri. Tena hakuna wa kusema "basi", kwa hiyo kongosho inatoa vimeng'enya bila kupumzika mpaka inakuwa kubwa kupita kawaida. Na vimeng'enya vile pia ni protini, vinatoka nje pamoja na mavi. Kuku anapata hasara mara mbili: hapati protini ya soja, na anapoteza ya mwili wake. Vifaranga ndio wanaumia zaidi.

Dawa yake ni moto

Mwaka 1917, Osborne na Mendel wa Marekani walionyesha kwamba panya wanakomaa vizuri wakila soja iliyopikwa. Moto unaharibu kile kitu kinachofunga tripsini. Jua peke yake halitoshi. Kutwanga hakutoshi. Kulowesha peke yake pia hakutoshi.

1. Kuchemsha: Lowesha soja usiku mzima, mwaga maji. Weka maji mapya, uache ichemke dakika 30 tangu maji yaanze kutokota. Mwaga maji, anika ikauke kabisa, ndipo utwange.

2. Kukaanga: Tumia moto wa kadiri, geuza bila kuacha, mpaka ndani iwe kahawia kidogo na harufu ya ubichi iishe. Usiunguze! Soja iliyoungua inapoteza sehemu ya protini yake.

Kwa kuchanganya, kopo moja ya soja iliyopikwa kwa makopo tatu ya mahindi ni mwanzo mzuri. Wape na majani mabichi, na maji safi kila siku.

Wamama, jambo hili linagusa na uji wa watoto. Unga wa soja mbichi unaleta maumivu ya tumbo, na protini yake haiingii vizuri kwa mtoto. Kaanga ao chemsha soja kwanza, saga, kisha uji uchemke vizuri.

Basi, kabla ya kununua dawa ya kuku ao kuwauza kwa bei ya hasara, tuulizane kwanza: ile soja ilipita kwenye moto?